Mwanao anaimba na watu wameanza kuja na mikataba: mwongozo kamili wa mzazi

Wazazi wa watoto wanaoimba, kuigiza au kuchekesha hukwama mahali pale pale. Wimbo unarekodiwa kwanza, unatoka, unapendwa, halafu ndipo karatasi zinaanza kuulizwa. Kufikia hapo mafaili yako kwa prodyuza, chaneli imefunguliwa kwa baruapepe ya meneja, na pesa ya shoo imepita kwenye simu ya mtu ambaye si mzazi. Kuvirudisha vitu hivyo ni kazi nzito, na mara nyingi haiwezekani bila wakili.

Hapa tunafuata mpangilio mwingine: karatasi, studio, usajili, mtandao, pesa, jukwaa. Mwongozo umeandikwa kwa mzazi aliye Tanzania Bara. Palipo na tofauti kwa Zanzibar au Kenya pametajwa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Jina lililo humo ndilo litakaloandikwa kwenye kila karatasi. Jina la kisanaa huja pembeni yake.
- Kitambulisho cha taifa cha mzazi au mlezi, na namba ya mlipakodi (TIN).
- Kama wewe ni mlezi na si mzazi, hati inayoonyesha hivyo. Lebo (kampuni inayosimamia na kutoa kazi za wasanii) iliyo makini itaiuliza, na isiyouliza ikutie shaka.
- Baruapepe mpya ya kazi za mtoto, nywila ukiwa nayo wewe, na namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe yako.
- Akaunti ya benki ya mtoto inayosimamiwa na mzazi. Benki nyingi kubwa wanazo.
- Sanduku la posta linalofanya kazi. Umuhimu wake utauona kwenye Hatua ya 5.
- Diski ya nje ya kuhifadhia mafaili, na sehemu ya pili ya kuhifadhi nakala.
- Daftari moja la mapato na matumizi.
- Nakala tano au sita tupu za karatasi ya mgawanyo, ambayo tutaieleza kwenye Hatua ya 2.

Usianze kutafuta meneja kabla ya kukamilisha orodha hii. Meneja akikukuta huna akaunti wala baruapepe atakufungulia yeye, na atakayefungua ndiye atakayeshika funguo.

## Hatua ya 1: Fahamu sheria inavyomtazama mwanao

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima. Hivyo saini ya mtoto wa miaka 13 haina nguvu yoyote, hata kama aliiweka mbele ya kamera na keki.

Wengi huishia hapo na kufurahi kwamba mkataba ni batili. Ukweli ni kwamba lebo zinajua jambo hili, ndiyo maana zinataka saini ya mzazi. Ukisaini wewe, aliyefungwa ni wewe. Tafuta kifungu kinachosema mzazi "anadhamini" utekelezaji wa mtoto au "atawajibika binafsi" kwa hasara. Kifungu hicho kikibaki kwenye mkataba, mtoto akikataa kupanda jukwaani kwa sababu anaumwa, deni linakuja nyumbani kwako.

Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na hata hapo ni kazi nyepesi isiyomdhuru na isiyomzuia kusoma. Mtoto wa miaka 9 au 11 asiwekwe kwenye mkataba wa ajira, wala asichukuliwe kwenda kuishi kambini akifanya mazoezi kila siku. Shughuli zake ziwe za mara moja moja: tangazo moja, kipindi kimoja, wimbo mmoja, kila kimoja na makubaliano yake.

Sheria hiyohiyo ya Mtoto inakataza kazi ya usiku kwa mtoto, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Andika saa hizo kwenye kila mkataba wa shoo. Promota anayesema "ataimba saa nne, dakika kumi tu" anakuomba uvunje sheria.

Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011, na Kenya inayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Umri wa utu uzima ni miaka 18 huko pia, lakini vifungu vya kazi vinatofautiana, kwa hiyo wakili awe wa sehemu ile mkataba utakapotumika.

Kabla hujaendelea, zungumza na mwalimu mkuu. Kubalianeni kwa maandishi ni siku zipi mtoto anaweza kukosa na atarudishiaje masomo. Weka alama kwenye kalenda: mtihani wa darasa la saba kwa kawaida huwa Septemba, na wa kidato cha nne Novemba. Miezi miwili kabla yake usipokee kazi. Tangazo zuri linaweza kuja tena, ila mtihani wa taifa hauahirishwi kwa ajili ya mtu.

## Hatua ya 2: Studio, na karatasi ya mgawanyo

Hapa ndipo haki nyingi hupotelea, tena bila ugomvi wowote, watu wakicheka na kula chipsi.

Kila wimbo una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni masta, yaani rekodi yenyewe iliyofanyika siku hiyo. Mtu anaweza kumiliki moja na asiimiliki nyingine. Prodyuza aliyetengeneza biti ana sehemu kwenye utunzi, kwa sababu biti ni muziki. Masta huwa ya aliyegharamia kurekodi, au kama mlivyokubaliana. Msipoandika, kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.

Karatasi ya mgawanyo ni ukurasa mmoja tu. Iandikeni hivi:

1. Jina la wimbo na tarehe ya kurekodi.
2. Jina kamili la kila mhusika kama lilivyo kwenye kitambulisho, jina la kisanaa, simu.
3. Alichofanya: maneno, melodi, biti, sauti, ala.
4. Asilimia ya utunzi ya kila mmoja. Jumla iwe 100. Mfano: mtoto 40, aliyemsaidia kuandika 10, prodyuza 50.
5. Mstari wa pili unaojitegemea: masta ni ya nani na kwa asilimia ngapi.
6. Saini za wote, na kwa mtoto saini ya mzazi, ikiandikwa "kwa niaba ya" na jina la mtoto.

Isainiwe siku hiyohiyo, kabla faili halijatoka studio. Wimbo ukishapendwa hakuna anayekumbuka kuwa alichangia asilimia 10. Neno la kuliogopa studio ni "tutamalizana baadaye".

Jihadharini na biti za kupakua mtandaoni. Nyingi zilizoandikwa "bure" ni bure kwa mazoezi tu. Nyingine huuzwa kwa kukodishwa: unapewa kikomo cha mara za kusikilizwa, na mwenye biti anaendelea kuwauzia wengine biti hiyohiyo. Wimbo ukipakiwa, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti unaweza kupeleka mapato yake kwa mtu mliyekuwa hammjui. Kama biti imenunuliwa, hifadhi risiti na masharti ya leseni kwenye folda ya wimbo huo.

Malipo ya studio yakikamilika, ondoka na vitu hivi vyote: masta katika WAV, yaani faili la sauti lisilopunguzwa ubora (kipimo cha bit 24 kama ipo, na isipungue bit 16 kwa 44.1 kHz), toleo la ala tupu, sauti tupu, na traki zilizotenganishwa. MP3 pekee haitoshi. Ukipewa hiyo tu hujapewa wimbo. Ala tupu itahitajika kwenye televisheni na jukwaani, na traki zilizotenganishwa zitahitajika mkitaka kurekebisha au kutoa toleo jingine.

Kwa mvulana wa miaka 11 au 12, rekodi nyimbo zote mlizopanga ndani ya muda mfupi. Kati ya miaka 12 na 15 koo hukua haraka na sauti hushuka, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Nyimbo za zamani zitabidi zishushwe ufunguo. Mkataba usimdai mtoto "sauti ileile" kwa miaka mitatu, kwa sababu hakuna anayeweza kuahidi hilo.

Ukifika nyumbani na WAV nne kwenye diski, nakala mahali pa pili, na karatasi yenye saini zote, hatua hii imekamilika. Kikikosekana kimojawapo, rudi kesho yake na si mwezi ujao.

## Hatua ya 3: Mkataba, kifungu kwa kifungu

Usisaini siku uliyopewa. Omba siku 14 na nakala ya kwenda nayo nyumbani. Anayekataa kukupa nakala amekwisha kukujibu.

Mkataba wa Kiingereza kwa mzazi asiyekisoma vizuri usainiwe baada ya kutafsiriwa kwa maandishi, na uandikwe ni toleo lipi litashinda yakitofautiana. Wakili unayemtumia mthibitishe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Ni kutafuta jina tu. Asiwe wakili wa lebo, hata ukiambiwa atakusaidia bure.

Vifungu vya kuvisoma mara mbili:

Muda. Uandikwe kwa tarehe: unaanza lini, unaisha lini. "Albamu tano" si muda, kwa sababu lebo isipotoa albamu mtoto anabaki amefungwa. Kwa mtoto, mwaka mmoja unatosha, na kuongeza kuwe kwa maandishi ya pande zote mbili. Mkataba uliosainiwa na mzazi usivuke siku mtoto anapotimiza miaka 18. Siku hiyo aamue mwenyewe.

Umiliki wa masta. Kama lebo inagharamia kurekodi, itataka masta. Mnachoweza kuomba ni leseni ya muda, mathalani miaka 5 au 7, kisha masta inarudi kwa mtoto. Neno "milele" au "maisha yote ya hakimiliki" ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa Tanzania, hakimiliki ya utunzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtunzi wa miaka 12 unazungumzia haki ambazo wajukuu zake wangezirithi.

Asilimia ya meneja. Asilimia 10 hadi 20 ni ya kawaida. Swali ni asilimia ya nini. Tuseme shoo imelipa shilingi 2,000,000 na gharama za usafiri, mavazi na wacheza shoo ni 600,000. Meneja wa asilimia 20 akikata kwenye jumla anachukua 400,000, na mtoto anabaki na 1,000,000. Akikata baada ya gharama anachukua 280,000, na mtoto anabaki na 1,120,000. Maneno mawili kwenye mkataba, tofauti ya shilingi 120,000 kwa shoo moja.

Gharama za kurudishwa. Kifungu hiki huumiza kuliko vyote, na wengi hukiruka. Tuseme lebo imetumia 6,000,000 kwa studio na video, wimbo ukaingiza 8,000,000, na mgawanyo ni nusu kwa nusu.

Kama gharama zinatolewa kwanza kwenye jumla, zinabaki 2,000,000 na kila upande unapata 1,000,000. Kama gharama zinatolewa kwenye fungu la msanii peke yake, fungu la mtoto ni 4,000,000, linakatwa 6,000,000, na mtoto anadaiwa 2,000,000. Wimbo umefanikiwa, mtoto ana deni, na lebo imeshika 8,000,000 zote. Mkataba wa pili pia utaitwa "nusu kwa nusu", na hautakuwa umesema uongo.

Dai mambo matatu: gharama zitolewe kwenye jumla, kila gharama inayozidi kiasi fulani ikubaliwe na mzazi kwa maandishi kabla ya kutumika, na deni lolote life mkataba unapoisha.

Jina na akaunti. Andikeni wazi kuwa jina la kisanaa, chaneli ya YouTube, kurasa za TikTok na Instagram ni mali ya mtoto, na lebo inaruhusiwa kuzisimamia tu. Isipoandikwa, mtoto ataondoka na kuanza upya kwa jina jipya na wafuasi sifuri.

Kuvunja mkataba. Kiasi kiwekwe mapema, na kiwe na hesabu inayoeleweka, kwa mfano gharama zilizothibitishwa kwa risiti na ambazo hazijarudi. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi mwaka 2019 alieleza hadharani kuwa kutoka kwake kuligharimu shilingi milioni 500. Huyo alikuwa mtu mzima mwenye shoo nje ya nchi. Mzazi wa mtoto wa shule ajiulize mkataba ulio mezani unataja kiasi gani, na kama hautaji, nani atakipanga.

Ripoti. Kila miezi mitatu, kwa maandishi, na haki ya kupeleka mhasibu kukagua.

Ulinzi wa mtoto. Mzazi au mtu aliyemteua awepo muda wote wa kazi; hakuna safari ya kulala bila yeye; hakuna kazi wakati wa mitihani; hakuna mazungumzo ya faragha ya mtu mzima na mtoto kwa simu, yote yapitie kwa mzazi; hakuna matangazo ya pombe, sigara wala kamari. Kifungu hiki kisiwe cha kujadiliana. Lebo ikilalamika kwamba kinachelewesha kazi, ondoka mezani.

Ujue umemaliza pale unapoweza kumweleza ndugu yako, bila kusoma, mkataba unaisha tarehe ipi, masta inarudi lini, nani anakata nini na kabla ya nini, na kutoka kunagharimu kiasi gani. Ukishindwa hata moja, bado hujauelewa, usisaini.

## Hatua ya 4: Usajili

Msanii hujisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, na kwa kazi za filamu na tamthilia kuna Bodi ya Filamu. Zanzibar ni BASSFU, baraza la sanaa la huko. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo. Mtu akikuambia umtumie kwenye simu yake ili "asukume faili", usitume.

Kazi yenyewe isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania. Hakimiliki inazaliwa pale kazi inapowekwa kwenye umbo linaloshikika, kwa hiyo cheti hakileti haki mpya. Kinakupa ushahidi wenye tarehe siku mtu atakapodai wimbo ni wake. Nenda na karatasi ya mgawanyo, maneno ya wimbo yaliyochapwa na faili la sauti. Hakikisha mtunzi anaandikwa mtoto, kwa jina la cheti. Kosa la kila siku ni mzazi kujiandika yeye kwa sababu ndiye mwenye kitambulisho. Miaka kumi baadaye, ndugu wakigawana mali au wazazi wakitengana, wimbo wa mtoto unahesabiwa kuwa wa mzazi.

Ukusanyaji wa mirabaha, yaani malipo kwa wenye wimbo unapotumika, ya redio, baa na hoteli ni kazi ya kampuni zilizopewa leseni, si COSOTA yenyewe. Uliza COSOTA ni kampuni ipi ina leseni halali mwaka huo kabla ya kujiunga.

Zanzibar ofisi ya hakimiliki ni COSOZA. Kenya sajili kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko, kisha uliza hapo leseni za vyama vya mirabaha. Kumbuka kuwa watunzi, waimbaji na wamiliki wa rekodi hukusanyiwa katika mafungu tofauti, na mtoto aliyeandika na kuimba ana haki kwenye zaidi ya fungu moja.

## Hatua ya 5: Kuweka kazi mtandaoni

Wasambazaji wengi wa muziki wa kidijitali, yaani kampuni zinazopeleka nyimbo kwenye Spotify, Boomplay na kwingineko, hawamsajili aliye chini ya miaka 18. Fungua akaunti kwa jina lako, na sehemu ya mtunzi na mwimbaji ujaze ya mtoto.

Tafuta kwanza jina la kisanaa kwenye Spotify, Boomplay, Audiomack na YouTube. Likiwa na mtu mwingine, badilisheni sasa. Majina yakigongana, nyimbo huchanganyikana kwenye ukurasa mmoja na mirabaha hupotea njia. Kisha liandike vilevile kila mara: herufi, nafasi, nukta.

Picha ya wimbo iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, bila namba za simu wala nembo za mitandao, la sivyo itakataliwa. Isiwe picha ya mtoto katika sare yenye jina la shule. Pakia wiki tatu hadi nne kabla ya tarehe ya kutoka. Kwa Spotify, kupendekeza wimbo kwa wahariri kunahitaji angalau siku 7 kabla, na mwenye kupakia usiku wa kuamkia siku ya kutoka amekosa nafasi hiyo.

Msambazaji atatoa ISRC, msimbo wa herufi na namba 12 unaotambulisha rekodi. Uandike kwenye daftari. Ukihamia kwa msambazaji mwingine, tumia msimbo uleule. Ukichukua mpya, hesabu ya kusikilizwa inaweza kuanza sifuri.

Usitegemee pesa ya haraka huku. Kwenye Spotify, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa.

YouTube ina mambo yake. Akaunti ya matangazo lazima iwe ya mtu wa miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo ni ya mzazi. Chaneli inaanza kulipwa sehemu ya matangazo ikifikisha wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Salio likifika dola 10, Google hutuma barua yenye namba ya siri kwa posta. Sanduku la posta likiwa la ofisi uliyoacha kazi zamani, malipo yatasimama hapo. Malipo ya kwanza hutoka salio likifika dola 100.

Jaza fomu ya kodi ya Marekani mara akaunti inapofunguka. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa asilimia 30. Usipojaza, makato yanaweza kufika asilimia 24 ya mapato ya dunia nzima.

Kila video utaulizwa kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Jibu linafuata mtazamaji aliyelengwa. Umri wa mwimbaji peke yake hauamui. Nyimbo za chekechea na za kujifunza herufi ni za watoto. Ukijibu ndiyo, maoni yanafungwa na matangazo yanayolenga mtu binafsi yanaondolewa, hivyo mapato hupungua. Wapo wanaodanganya ili kipato kisishuke. YouTube huweza kubadilisha jibu lako na kuadhibu chaneli.

TikTok na Instagram zinataka miaka 13. Kurusha video ya moja kwa moja (live) TikTok ni kuanzia miaka 18, na YouTube ni miaka 16 tangu Julai 2025. Ukurasa wa mtoto mdogo uendeshwe na mzazi na useme hivyo kwenye maelezo yake. Picha za shoo zipandishwe mkiwa mmeshaondoka, kamwe si mkiwa bado ukumbini. Ujumbe wa faragha usomwe na mzazi peke yake.

## Hatua ya 6: Pesa ya mtoto

Kila malipo yaingie benki, kwenye akaunti yenye jina la mtoto. Mlipaji akisisitiza simu, iwe ya mzazi, na pesa ihamishwe siku hiyohiyo.

Jimbo la California lina sheria, iliyopewa jina la mwigizaji mtoto Jackie Coogan ambaye mapato yake yalitumiwa na mama yake na baba yake wa kambo, inayotaka asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe akiba isiyoguswa mpaka awe mtu mzima. Hiyo 15 ni sakafu, na hapa kwetu hakuna anayekulazimisha hata hiyo. Kwa maoni yetu nusu ndiyo haki, kwa kuwa aliyefanya kazi ni mtoto. Kwa mfano wetu wa 1,120,000 wa Hatua ya 3: 560,000 akiba isiyoguswa, 280,000 ada na mahitaji yake ya shule, 280,000 gharama za kazi inayofuata, pamoja na nauli ya mzazi anayemsindikiza.

Akiba kubwa isilale benki tu. UTT AMIS, kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ina Mfuko wa Watoto ambao mzazi huwekeza kwa jina la mtoto.

Kwenye daftari weka safu sita: tarehe, kazi, aliyelipa, kiasi, kodi iliyokatwa, salio. Mlipaji akikata kodi ya zuio, dai hati yake. Bila hati, TRA itaona mapato na haitaona kodi uliyokwisha kulipa. Mtoto akifika miaka 10 au 11, kaeni naye kila mwisho wa mwezi mlisome daftari pamoja. Mambo mawili yatatokea: atajifunza hesabu ya kazi yake, na wewe utaona aibu kuandika tumizi ambalo si lake.

Hali ya kuogopa ni familia nzima kuanza kuishi kwa sauti ya mtoto. Dalili ya kwanza ni kodi ya nyumba kupangwa kwa kutegemea shoo ya mwezi ujao. Ikifika hapo mtoto hawezi tena kusema amechoka.

## Hatua ya 7: Siku ya shoo

Nusu ya malipo iingie siku ya kusaini, nusu iliyobaki kabla ya kupanda jukwaani. Baada ya kushuka ni vigumu kumpata promota.

Nyimbo tatu hadi tano zinatosha kwa mtoto wa chini ya miaka 13. Mazoezi ya sauti yasizidi dakika 30 hadi 45 kwa mkupuo, na siku ya shoo yawe mepesi. Maji ya kawaida, kidogo kidogo, tangu asubuhi. Mtoto akikwama sauti, anyamaze. Kunong'ona si kupumzika, kwa baadhi ya watu huikaza koo zaidi. Sauti ikikwama zaidi ya wiki mbili, apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, na shoo zisimame mpaka daktari aseme. Tangawizi na asali hulainisha koo, ila haviponyi vinundu kwenye nyuzi za sauti.

Spika za ukumbini hufika desibeli 100 kirahisi, kiwango ambacho kwa mtu mzima dakika 15 zinatosha kuwa hatari. Mtoto asikae mbele ya spika akisubiri zamu, na avae vizuia sauti vya masikio. Akishuka akisema masikio yanalia, alikuwa karibu mno au muda mrefu mno.

Awe na chumba cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungwa, na mtu wenu mlangoni. Usafiri wa kurudi upangwe na mzazi, si na promota. Kama mambo yamekwenda sawa, saa 2 usiku mtoto yuko njiani kurudi nyumbani, ameshakula, na kesho ana nguvu za kwenda shule.

## Kama ulishasaini vibaya

Usiupuuze mkataba na kurekodi kwingine kimyakimya. Hapo utawapa wao kesi. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Tafuta nakala yenye saini. Kama huna, iombe kwa barua, na uhifadhi uthibitisho kuwa imepokelewa.
2. Omba ripoti ya mapato na gharama tangu siku ya kwanza, kwa maandishi.
3. Badilisha nywila na namba za kurejesha za akaunti zilizofunguliwa kwa baruapepe yako. Zilizofunguliwa kwa baruapepe ya lebo usiziguse mpaka wakili aseme.
4. Mpelekee wakili cheti cha kuzaliwa, mkataba, na ujumbe wote wa simu. Muulize mambo matatu: saini iliyopo ni ya nani, kuna dhamana ya mzazi, na ni kifungu gani wao wamekwisha kukivunja. Kazi za usiku na ripoti ambazo hazikuletwa ndizo huonekana mapema.
5. Pendekeza mkataba mpya wenye tarehe ya mwisho kabla ya kufikiria mahakama. Lebo nyingi hukubali kujadiliana zikiona mzazi amekuja na risiti, ratiba ya shule na wakili.

Kama kuna dalili ya mtoto kudhulumiwa mwili, kutishwa au kuguswa, acha hatua hizo zote. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, inayofanya kazi Tanzania na Kenya pia, au nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Mkataba utashughulikiwa baadaye.